Aliyeandika Ndiye Afute

Kati ya Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini na gereza la zamani liitwalo Nambari Nne, juu ya kilima kinachopakana na Hillbrow jijini Johannesburg, kuna ngazi pana za matofali. Ukizishuka, mkono mmoja una mahakama na mkono wa pili una gereza. Matofali yake yalitolewa katika jengo la mahabusu lililobomolewa ili mahakama ipate kiwanja, na mengine yamepangwa ndani ya kuta za mahakama yenyewe. Zimeachwa pia nguzo nne zilizokuwa na ngazi za ndani za jengo lile, zimesimama peke yake uwanjani. Mahakama ilifunguliwa rasmi 21 Machi 2004, tarehe ambayo mwaka 1960 polisi waliwaua watu 69 pale Sharpeville waliokuwa wakiandamana kupinga pasi.

Wengi waliopitishwa katika jengo lile la mahabusu hawakuwa wezi wala wauaji. Walikuwa watu waliotoka nyumbani bila karatasi, au karatasi yao ilikosa muhuri wa mwezi huo, au walionekana mjini baada ya saa waliyoruhusiwa. Walihukumiwa, wakatumikia, wakaachiwa. Kilichobaki nyuma yao ni alama kumi za vidole na mstari mmoja katika faili la polisi: fulani bin fulani, aliwahi kutiwa hatiani. Makumbusho ya pale kilimani huwauliza wageni nani hasa ni mhalifu. Ni swali zuri, lakini mimi nilitaka kujua jambo jingine, la kikarani zaidi: ule mstari uliandikwaje, ulikaa wapi, na nani alipewa kazi ya kuufuta.

Pasi Afrika Kusini ni ya zamani kuliko reli na migodi. Mwaka 1809 gavana Mwingereza wa Cape, Earl wa Caledon, alitoa tangazo lililowalazimu Wakhoikhoi kuwa na makazi yaliyosajiliwa na kubeba cheti kila wanapotoka eneo moja kwenda jingine. Almasi na dhahabu zilipopatikana, cheti kikageuka chombo cha kumfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake. Sheria ya maeneo ya miji ya 1923 ilimhesabu Mwafrika mjini kuwa mgeni anayevumiliwa kwa kuwa ana kazi. Ndipo mwaka 1952 Bunge likapitisha sheria yenye jina la kejeli kuliko zote nilizowahi kusoma: Sheria ya Kufuta Pasi na Kuunganisha Hati. Ilifuta pasi nyingi ndogondogo za mikoani, ikaweka mahali pake kitabu kimoja cha nchi nzima. Kila Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitakiwa kuwa nacho mwilini muda wote. Ndani yake kulikuwa na picha, namba, risiti za kodi, kibali cha kukaa mjini, na ukurasa wa saini ya mwajiri. Nakala ya alama za vidole ilipelekwa kwenye ofisi kuu ya kumbukumbu, Pretoria.

Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa zaidi, maana babu zake walivishwa kipande shingoni ndani ya kikasha cha chuma, kwa sheria ya 1915 iliyoanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kipande nacho kilikuwa na alama za vidole na nafasi ya mwajiri kuandika. Msomaji wa kusini mwa Tanzania naye ana chake. Wazee wa Rungwe na Kyela waliokwenda Wenela, ile kampuni ya kuajiri vibarua wa migodi, walifika Johannesburg kwa mkataba na karatasi, na aliyetoroka mgodini akatafuta kazi mjini alikuwa mkosaji tangu hatua ya kwanza nje ya geti.

Alama za vidole zina njia yake ya kipekee kufika kusini. Edward Henry, ofisa wa polisi wa Kiingereza huko Bengal, ndiye aliyepewa sifa ya mfumo wa kuzipanga na kuzitafuta, ingawa hesabu zenyewe zilifanywa kwa sehemu kubwa na wasaidizi wake wa Kihindi, Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Ofisi ya Calcutta ilianza kazi 1897. Miaka mitatu baadaye, katikati ya vita vya Waingereza na Makaburu, Henry alipelekwa Afrika Kusini kupanga polisi wa kiraia wa Johannesburg na Pretoria, kabla ya kurudi London kuanzisha kitengo cha Scotland Yard mwaka 1901. Kwa maneno mengine, Johannesburg ilionja mfumo huo kabla ya London.

Wa kwanza kuukataa kwa pamoja walikuwa Wahindi wa Transvaal. Serikali ilitaka kila mmoja wao ajisajili na kutoa vidole vyote kumi, jambo ambalo mpaka hapo lilikuwa la wahalifu. Gandhi, wakili kijana wakati huo, aliafikiana na Jan Smuts wa serikali hiyo Januari 1908 kwamba watu wajisajili kwa hiari na sheria iondolewe. Watu walijisajili. Sheria haikuondolewa. Tarehe 16 Agosti 1908, nje ya Msikiti wa Hamidia, vyeti zaidi ya elfu moja vilitupwa ndani ya chungu kikubwa cha chuma cha miguu mitatu, vikamwagiwa mafuta ya taa na kuchomwa. Hadi leo ipo sanamu ya chungu hicho pale nje ya msikiti. Gandhi mwenyewe alifungwa kilimani mwaka uleule, katika magereza ya Ngome Kongwe, hatua chache kutoka zilipo zile ngazi. Kuchoma cheti kulimwondolea mtu cheti. Nakala za vidole zilibaki serikalini.

Nambari Nne lilikuwa gereza la wanaume weusi. Weupe walikaa ndani ya Ngome yenyewe, na wanawake walikuwa na gereza lao upande wa pili. Yote yalifungwa 1983. Ukiingia leo utakuta vyoo vya wazi vilivyopangwa mkabala na mahali pa kulia, na orodha ya chakula kwa rangi: nani apewe mkate, nani apewe uji wa mahindi tu. Utaelezwa pia habari ya tauza. Wafungwa waliporudi kutoka kazini au mahakamani walivuliwa nguo zote uani, kisha mmoja mmoja akaruka juu, akapiga makofi, akafungua kinywa, akageuka na kuinama, ili askari aone kwamba hakuna alichoficha mwilini. Aliyefanyiwa hivyo pengine alikuwa na kosa la kukosa muhuri.

Dunia ilijua habari hiyo kwa sababu ya mwandishi mmoja. Henry Nxumalo wa jarida la Drum alitoka usiku bila pasi makusudi, akakamatwa, akafungwa siku tano kilimani. Alipotoka aliandika kila alichokiona, na habari ikatoka Machi 1954. Lakini maneno ya mtu mweusi aliyetoka gerezani yangekanushwa asubuhi hiyohiyo. Ikatakiwa picha. Mpigapicha Bob Gosani alipanda juu ya paa la jengo la jirani lililochungulia ua wa gereza, na lenzi yake ikamnasa mfungwa akiwa uchi, ameruka hewani mbele ya askari. Serikali ilijibu kwa namna yake: sheria ya magereza ya 1959 ilifanya kuwa kosa kuchapisha picha za magereza au habari zake ambazo mwandishi hawezi kuthibitisha ukweli wake.

Nikirudi kwenye mstari wetu wa faili. Kesi za pasi hazikuwa na mvuto wa kesi. Zilisikilizwa katika mahakama za makamishna wa Wabantu, kama zilivyoitwa, na zilikwenda kwa mfululizo, dakika chache kila moja. Jina, kosa, umekubali au umekataa, faini au siku kadhaa. Mawakili walikuwa nadra. Mtafiti Michael Savage alipojumlisha takwimu za serikali yenyewe kuanzia 1916 hadi 1984, alipata visa zaidi ya milioni 17 vya kukamatwa na kushtakiwa kwa sheria za pasi. Baadhi ya watu wamo mara nyingi ndani ya hesabu hiyo, na hilo ndilo linaloitia uzito.

Hatia ilifanya kazi hata baada ya kifungo kuisha. Kwa kifungu cha 10 cha sheria ya miji, Mwafrika ambaye hakuzaliwa mjini angeweza kupata haki ya kuishi humo iwapo alifanya kazi kwa mwajiri mmoja mfululizo kwa miaka 10, au aliishi humo kihalali kwa miaka 15, na awe hajahukumiwa kifungo cha zaidi ya miezi sita. Asiyekuwa na haki hiyo alikuwa na saa 72 za kukaa mjini. Kwa hiyo rekodi ya mtu iliamua anaishi na mkewe au anaishi bwenini, wanawe wanasoma mjini au wanakulia kwa bibi shamba. Mpigapicha Ernest Cole alifanikiwa kuzunguka na kamera yake kwa sababu aliwashawishi maofisa wamwandike kuwa chotara, jamii ambayo haikulazimika kubeba kitabu. Jina moja la kabila kwenye fomu lilimwezesha kuondoka nchini 1966 na kuchapisha kitabu chake mwaka uliofuata, kikiwa na picha za watu waliofungwa pingu mitaani kwa ajili ya pasi.

Ofisi iliyotoa vibali hivyo Johannesburg ilikuwa namba 80, Mtaa wa Albert. Ni jengo la 1954, lililowekewa kibao cha buluu cha kumbukumbu ya kihistoria. Hapo ndipo wanaume walipanga foleni kungoja muhuri uliowaruhusu kubaki mjini au uliowapa saa za kuondoka. Baada ya ubaguzi kwisha jengo lilibaki mali ya jiji, likawa makazi ya wanawake wasio na pa kwenda, kisha likaachwa likajaa watu wasiomudu kodi ya mahali pengine, vyumba vimegawanywa kwa mbao na mapazia. Usiku wa kuamkia 31 Agosti 2023 liliungua. Walikufa watu 76, wakiwemo wahamiaji kutoka Malawi na Tanzania. Wengi wao walikuwa wanaishi Johannesburg kwa wasiwasi wa karatasi, ndani ya nyumba iliyojengwa kwa ajili ya karatasi. Sijui kama inawezekana kuandika sentensi hiyo bila uchungu.

Kabla ya kufika kwenye sheria ya kufuta, nitamtaja mfungwa mmoja aliyepitia magereza yale ya kilimani, kwa sababu rekodi yake inatugusa. Januari 1962 Nelson Mandela alivuka mpaka kuingia Bechuanaland, akaruka hadi Mbeya, akafika Dar es Salaam kuonana na Nyerere. Hakuwa na pasipoti. Serikali ya Tanganyika ilimpa karatasi ya kumwezesha kutoka na kurudi. Aliporudi Afrika Kusini alikamatwa karibu na mji wa Howick tarehe 5 Agosti mwaka huo. Novemba alihukumiwa miaka mitano: mitatu kwa kuchochea wafanyakazi wagome, na miwili kwa kuondoka nchini bila hati ya kusafiria. Hiyo miwili ya mwisho ndiyo bei ya safari iliyopita Mbeya na Dar es Salaam.

Sheria za pasi zilifutwa 1986. Marufuku ya mapenzi kati ya watu wa rangi tofauti ilikuwa imeondolewa mwaka mmoja kabla. Magazeti yalisherehekea, na kwa haki. Ila sheria ikifutwa hukumu zilizotolewa chini yake hazifutiki nayo. Mtu aliyetiwa hatiani 1975 kwa kulala Soweto bila kibali aliendelea kuwa mtu aliyetiwa hatiani. Akiomba kazi ya ulinzi, faili lilimtaja. Akishtakiwa kwa jambo jingine, mwendesha mashtaka alileta mahakamani ile fomu ya polisi iitwayo SAP 69, yenye orodha ya makosa ya nyuma.

Uchaguzi wa 1994 ukaja ukapita. Katiba mpya ikaandikwa. Tume ya Ukweli na Maridhiano ikasikiliza watu. Ilipofika 2008 ndipo Bunge liliporekebisha sheria ya mwenendo wa jinai ya 1977 na kuingiza vifungu vya 271A na vinavyofuata, vikaanza kutumika 6 Mei 2009. Kutoka 1986 hadi hapo ni miaka 23. Aliyekamatwa 1930 akiwa kijana wa miaka 20 angekuwa na miaka 99.

Sheria hiyo ina milango miwili. Wa kwanza ni wa makosa ya kawaida. Miaka 10 ikipita tangu hukumu, na adhabu ikiwa ilikuwa nyepesi, yaani faini isiyozidi randi 20,000, au kifungo chenye hiari ya faini ya kiwango hicho, au kifungo kilichoahirishwa chote, au viboko vya enzi zile, mtu anaweza kuomba afutiwe. Asiwe amefungwa tena bila hiari ya faini katika miaka hiyo 10, na jina lake lisiwe katika daftari la wakosaji wa kijinsia au la watu wasiofaa kufanya kazi na watoto.

Mlango wa pili ni wa makosa yaliyotokana na ubaguzi wenyewe: pasi, kuishi eneo la rangi nyingine, mapenzi ya rangi tofauti, na jamaa zake. Haya, sheria inasema, yatafutwa bila kuombwa. Kituo cha Kumbukumbu za Jinai cha polisi kitayaondoa chenyewe. Hapo nilitaka kupiga makofi. Kisha nikasoma kipande kinachofuata: kama rekodi haikufutwa, mwenyewe aandike maombi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Wizara ya Sheria. Watunga sheria waliahidi, na papo hapo wakaweka akiba ya mashaka.

Na mtu atajuaje kama yake imefutwa? Anakwenda kituo cha polisi kuomba cheti cha kuthibitisha rekodi. Anajaza fomu, analipa ada, kisha karani anamshika mkono, anampaka wino na kumbana vidole kimoja kimoja juu ya karatasi, vyote kumi. Karatasi inakwenda Pretoria. Cheti kikirudi na hatia, na kosa likiwa la mlango wa kwanza, anajaza fomu ya J744, anaambatanisha cheti, anapeleka wizarani. Wizara ikiridhika inatoa hati ya kufutiwa, nayo inapelekwa kwa mkuu wa Kituo cha Kumbukumbu, ambaye ndiye mwenye faili. Fomu yenyewe hailipiwi. Hata hivyo, mtaani wapo wanaomtoza mtu maelfu ya randi kumjazia, maana palipo na foleni hapakosi dalali. Mzee aliyewahi kubanwa vidole kwa sababu ya pasi anatakiwa abanwe tena ili kuthibitisha kwamba hakustahili kubanwa ile mara ya kwanza.

Kuna aina ya tatu ya kufutwa, nayo ilizua mabishano yaliyofika mpaka juu ya zile ngazi za matofali. Sheria ya 1995 iliyounda Tume ya Ukweli ilisema kwamba aliyepewa msamaha kwa kitendo cha kisiasa, hatia yake ihesabiwe imefutwa katika nyaraka zote rasmi, na ichukuliwe kama haikuwahi kuwapo. Robert McBride, mpiganaji wa chama cha ukombozi cha ANC, alitega bomu ndani ya gari ufukweni Durban tarehe 14 Juni 1986. Wanawake watatu walikufa. Alihukumiwa kunyongwa, akaachiwa 1992 katika mazungumzo ya amani, akapewa msamaha wa Tume 2001. Mwaka 2003, alipotajwa kuwa mkuu wa polisi wa jiji la Ekurhuleni, gazeti la The Citizen lilimwita muuaji asiyefaa. Akashtaki: kama hatia haikuwahi kuwapo kisheria, vipi niitwe muuaji?

Mahakama ya Rufaa ilimkubalia. Mahakama ya Katiba, 8 Aprili 2011, ikakataa. Jaji Edwin Cameron alieleza kwamba sheria ile inaondoa matokeo ya hukumu, inamrudishia mtu haki zake zote za uraia, lakini haifanyi tukio liwe halikutokea, wala haiwazibi watu midomo. La sivyo familia za waliouawa na polisi wa makaburu nazo zingekatazwa kuwataja waliowaua ndugu zao kwa jina la walichokifanya, na Tume iliundwa ili ukweli usemwe. McBride alipata fidia ya randi 50,000, kwa sababu nyingine: gazeti lilidai kwa uongo kwamba hakujutia.

Naiona hukumu hiyo kuwa sahihi, na inasaidia kuondoa hofu ya wanahistoria wanaodhani kufuta rekodi ni kufuta historia. Nambari Nne limesimama. Picha ya Gosani ipo. Kumbukumbu ya taifa haihitaji jina la mzee wa Soweto liendelee kutoka kwenye printa ya polisi kila anapoomba kazi. Historia ikae makumbusho, na faili la polisi lisafishwe. Hayo mawili hayagombani.

Kuna kikomo kingine ambacho Pretoria haina uwezo nacho. Rekodi ikishavuka mpaka, kuifuta nyumbani hakuifuati. Marekani iliwaweka wanachama wa ANC katika orodha za magaidi, na miaka mingi baada ya ubaguzi kuanguka, viongozi wa Afrika Kusini, Mandela akiwa mmoja wao, walihitaji kibali maalumu ili wapewe viza. Sheria ya kuwaondoa ilisainiwa na Rais George W. Bush tarehe 1 Julai 2008. Mandela alikuwa amebakiza siku 17 kutimiza miaka 90. Alikuwa ameshakuwa rais, amestaafu, ameshinda Tuzo ya Nobel. Kama jina lake lilisahaulika ndani ya orodha kwa muda wote huo, tuwaze la kibarua.

Mazoea ya kuandika hayajaisha. Mwaka 2020, wakati wa zuio la korona, Waafrika Kusini wengi walikamatwa kwa kutoka nje bila kibali au kuvunja masharti, wakalipa faini ya kukiri kosa pale kituoni ili warudi nyumbani. Wengi hawakujua kwamba kulipa faini ile kuliwapa rekodi ya jinai. Ilibidi Bunge lirekebishe sheria tena, na marekebisho yaliyoanza kazi Aprili 2024 yakaagiza rekodi hizo zifutwe bila maombi. Kutoka nje bila kibali: kosa lilelile la Mtaa wa Albert, sababu tofauti kabisa, na daftari ni lile moja. Tofauti ya kutia moyo ni kwamba safari hii serikali ilihitaji miaka minne badala ya 23.

Tukitafuta ushahidi wa njia gani inafaa, wenzetu wa Marekani wamekwisha kupima. Watafiti J.J. Prescott na Sonja Starr walichunguza jimbo la Michigan, ambako mtu alilazimika kuomba mwenyewe, wakakuta kwamba kati ya waliostahili, asilimia 6.5 tu ndio waliofutiwa ndani ya miaka mitano tangu wapate sifa. Wengine hawakujua, hawakuwa na ada, au hawakutaka kukanyaga tena mahakama. Jimbo jingine, Pennsylvania, lilipitisha sheria 2018 kwamba kompyuta za serikali zitafute zenyewe kesi zilizotimiza masharti na kuzifunga zisionekane na waajiri. Katika mwaka wa kwanza wa utekelezaji, ulioanza Juni 2019, zilifungwa kesi zaidi ya milioni 30. Hakuna aliyepanga foleni.

Afrika Kusini ilikuwa na majina, namba za vitambulisho na alama za vidole za watu wake weusi tangu enzi za vitabu vya pasi. Haiwezi kudai haina namna ya kumtafuta mtu. Kijana wa miaka 18 aliyekamatwa kwa pasi 1985, mwaka wa mwisho kamili wa sheria zile, alizaliwa 1967. Huyo bado anatafuta kazi na anaombwa cheti. Wizara ya Sheria na Kituo cha Kumbukumbu wakae pamoja, wapitie faili zote zenye makosa ya mlango wa pili, wazifute, na wamwandikie kila aliye hai barua ya ukurasa mmoja kumjulisha kwamba jina lake ni safi. Barua iende bure, bila fomu na bila wino wa vidole. Na msomaji mwenye mzee aliyewahi kufanya kazi kusini, amuulize kama aliwahi kushikwa kwa pasi, na amweleze kwamba sheria ya kumfutia ipo tangu 2009.